UZI: Programu ya studio umeshaichagua, je, ununue toleo lipi?

#1 FundiSauti wa Tabata

Habari za jioni wakuu.

Ndani ya wiki mbili hizi vijana watatu wamekuja studio kwangu na swali moja, kila mmoja kwa namna yake. Wa kwanza ametunza hela anunue FL Studio halali, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta. Ameingia kwenye tovuti, amekuta majina manne na bei nne, akafunga simu. Wa pili amepewa saundi kadi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) na kaka yake, na ndani ya boksi kuna karatasi yenye namba za kufungulia Ableton Live Lite, programu nyingine ya muziki. Hajui kama inatosha kufanyia kazi au ni ya kuonja tu. Wa tatu anatumia kopi ya kraki, yaani iliyovunjwa kufuli bila kulipiwa, aliyowekewa dukani Kariakoo, na haoni sababu ya kununua chochote. Nimeona niandike hapa ili na wengine wasome.

Tuanze na maneno mawili ambayo watu wanayachanganya: vesheni na toleo. Vesheni ni namba, inapanda kila programu inapoboreshwa: Cubase 12, 13, na kuendelea. Toleo ni kiasi cha programu ulichofunguliwa kulingana na ulicholipa. FL Studio ina Fruity, Producer, Signature na All Plugins. Ableton Live ina Lite, Intro, Standard na Suite. Cubase ina LE, AI, Elements, Artist na Pro. Mtu anaweza kuwa na vesheni mpya kabisa halafu toleo lake likawa dogo lisilompa anachokitaka. Ndicho kilichonikuta mimi.

Nilipoanza kununua vitu halali nilichukua toleo la chini kabisa la programu moja. Kazi yangu wakati ule ilikuwa kupiga biti, nikaona inatosha. Baada ya miezi miwili akaja mteja kutoka Ubungo na hela mkononi, anataka kurekodi wimbo mzima. Nikachomeka maiki, nikakuta toleo lile halirekodi sauti. Ikabidi nirekodi kwenye programu nyingine ya bure, kisha nihamishe faili moja moja. Kila akirudia ubeti, nahamisha tena. Tulimaliza saa saba usiku, na sauti haikukaa kwenye biti vizuri kama ilivyopaswa. Jedwali la kulinganisha matoleo lilikuwepo kwenye tovuti siku zote, ila mimi nilisoma bei tu.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua ukurasa wa bei, chukua daftari. Andika kazi moja uliyoifanya karibuni, kuanzia mteja alipoingia mlangoni mpaka alipoondoka na faili lake. Hesabu treki, yaani njia za sauti, kila sauti au ala na yake. Andika ulirekodi maiki ngapi kwa wakati mmoja. Andika ulitumia plagini zipi (programu ndogo za ala au athari za sauti zinazofunguka ndani ya ile kubwa), na nani mwingine aliifungua projekti ile, yaani faili la kazi nzima.

Nitatoa mfano wa kwangu. Wimbo wa juzi, bongo fleva ya kawaida: biti ilikuja kwa vipande 14. Vokali (sauti za kuimba) kuu treki 2, za kuongezea uzito 4, vionjo vya pembeni 3, kiitikio sauti 8, gitaa 2. Jumla 33. Sasa weka namba hiyo kwenye majedwali yao. Live Lite inakupa treki 8. Live Intro 16. Pro Tools Intro, ile ya bure, inakupa 8 za sauti, 8 za ala na 8 za MIDI (noti za kinanda, si sauti yenyewe). Pro Tools Artist ina 32 za sauti, kwa hiyo wimbo wangu unaizidi kwa treki moja. Pro Tools Studio inakwenda mpaka 512, ambazo mimi sitazifikia maisha yangu yote.

Lakini msishike namba hiyo kama ilivyo. Zile sauti 8 za kiitikio, nikishazipanga vizuri, naweza kuzikusanya zikawa faili moja la stereo. Hapo 33 inakuwa 26, na Artist inatosha. Na kijana anayepokea biti ikiwa faili moja, akaweka vokali kuu mbili na nne za kuongezea uzito, ana treki 7. Huyo Live Lite inamtosha kwa leo. Kwa hiyo ile karatasi ya kwenye boksi usiitupe, ina thamani. Angalizo moja: ukinunua saundi kadi iliyotumika, mara nyingi mwenye nayo wa kwanza ameshazitumia zile namba.

Kuhusu FL Studio, kwa kuwa ndiyo imejaa mtaani kwetu. Ilianza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, na wakubwa wengi bado wanaiita Fruity tu. Mkanganyiko unaanzia hapo hapo, maana Fruity sasa ni jina la toleo la chini kabisa. Mtu anasema "nataka Fruity" akimaanisha programu nzima, anakwenda kulipia toleo la Fruity. Kwa miaka mingi toleo hilo halikuwa na kurekodi sauti. Wanabadilisha mambo kila vesheni, kwa hiyo siku unayolipa fungua jedwali lao, tafuta mstari wa kurekodi sauti, uone kama upo kwenye safu ya toleo lako. Kwa anayerekodi watu, Producer ndiyo ya kuanzia. Signature inaongeza plagini, All Plugins inaongeza zote. Zuri lao ni kwamba ukinunua mara moja unapata vesheni mpya bure maisha yote, na ukitaka kupanda toleo unalipa tofauti.

Na lile toleo lao la majaribio halina mwisho wa siku. Linakuruhusu kufanya kila kitu na kutoa wimbo kwa faili la sauti, WAV au MP3. Ila projekti uliyohifadhi hutaweza kuifungua tena mpaka ununue. Ukilijua hilo unalitumia vizuri: fanya biti kwa mkupuo mmoja, toa kila kipande WAV kabla hujafunga. Nimeona watu wamepoteza kazi ya wiki nzima kwa kutolijua hilo.

Kuna kitu kimoja watu hawakiangalii kabisa, nacho ni aina ya plagini: kuna VST, AAX na Audio Units, na si kila programu inafungua zote. Pro Tools haifungui VST, inataka AAX. Logic Pro ya Mac nayo haifungui VST, inataka Audio Units. Kama umenunua plagini zako kwa miaka mitatu zikiwa VST tupu, halafu ukahamia huko kwa sababu fulani anatumia, hujanunua programu tu, umejiongezea na gharama ya plagini.

Kuna waliochoka na mambo ya matoleo. Reaper haina matoleo kabisa, programu ni moja kwa wote. Leseni ndogo ni dola 60, kubwa dola 225, na tofauti iko kwenye matumizi na kipato chako: anayeitumia kwa mambo yake binafsi, taasisi isiyo ya faida, au mwenye biashara ambayo mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka analipa ile ndogo. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, hakuna kilichofungwa. Studio One nayo ilikuwa na Prime, Artist na Professional, lakini tangu vesheni ya 7 mwaka 2024 wameyaunganisha yakawa toleo moja. Logic ni moja pia, dola 199.99, ila lazima uwe na Mac.

Niko hapa, ulizeni. Andikeni kazi mnayofanya na kompyuta mliyonayo, maana bila hivyo nitabaki kubahatisha.

#2 Sauti ya Sinza

Kaka FundiSauti, asante sana kwa moyo huu. Mimi ni dada wa kusoma matangazo ya redio na kurekodi vitabu vya sauti, muziki sifanyi. Kazi yangu ni sauti moja, muziki wa chini mmoja, na pengine mlio wa simu au mlango. Treki tatu.

Nililipia kwa zaidi ya mwaka mzima programu ya kulipia kila mwezi kwa sababu kituo nilichokuwa nafanyia kazi walikuwa nayo. Mwezi mmoja kadi ikagoma, programu ikajifunga nikiwa na tangazo la kupeleka saa nne asubuhi. Nililia. Tangu siku hiyo kila kazi ikiisha natoa WAV ya sauti tupu na WAV ya kila kitu, naweka kwenye diski ya pembeni. Swali langu: je, Audacity inaweza kunitosha kabisa, au nitaonekana mshamba mbele ya wateja?

#3 FundiSauti wa Tabata

Dada Sauti, pole kwa siku ile. Mteja wa tangazo anasikiliza faili, haoni ulitumia nini. Audacity ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na kwa kukata pumzi, kusawazisha sauti na kuondoa muungurumo wa feni inafanya kazi. Tangu vesheni 3.2 unaweza kuweka athari za sauti ukazisikia hapo hapo wakati inacheza. Zamani ilikuwa lazima uzichape moja kwa moja kwenye sauti, na hilo ndilo lililowafanya wengi waiache.

Kwa vitabu vya sauti lakini ningekuelekeza Reaper. Kitabu ni saa nyingi na kina marekebisho mengi, na pale marekebisho yote hayaharibu sauti ya mwanzo. Ukikosea saa ya tano unarudi ilipokuwa.

Nyongeza kwa wanaotumia Adobe Audition, kwa kuwa redio nyingi hapa mjini zimelelewa na ile. Ndiyo iliyokuwa Cool Edit Pro kabla Adobe hawajainunua mwaka 2003. Ni nzuri sana kwa kusafisha sauti, lakini haina MIDI. Kijana anayetaka kupiga kinanda ndani ya kompyuta asiinunue.

#4 Kijana wa Manzese

Wakuu shikamooni. Mimi nafanya singeli. Laptopu yangu RAM ni GB 4, diski GB 120, na imebaki GB 30. Natumia kraki ya toleo kubwa kabisa. Inakwamakwama, mara sauti inakatika, mara inazima yenyewe. Jamaa wananiambia singeli inahitaji toleo kubwa kwa sababu ya spidi. Ni kweli?

#5 FundiSauti wa Tabata

Marahaba mdogo wangu. Si kweli, na waliokuambia hawakukusudia ubaya.

Spidi haina uhusiano na toleo. Singeli inakwenda mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika. FL Studio inakubali mpaka 522, Live inakubali mpaka 999, na ni hivyo kwenye toleo dogo na kubwa.

Kinachokukwamisha ni mashine. Toleo kubwa linakuja na maktaba ya sauti nzito. Live Suite kamili ina zaidi ya GB 70 za sauti, na wewe diski yako yote imebaki na 30. Unachokihitaji ni kisampla (cha kupigia vipande vya sauti), ngoma zako mwenyewe na sehemu ya kupangia, na hivyo vyote vipo kwenye matoleo madogo. Katika mpangilio wa saundi, ukiwa unapanga biti weka bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukitoa) 512 au hata 1024. Ukifika wakati wa MC kuimba shusha 256. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 256 ni ucheleweshaji wa kama milisekunde 6, ya 512 ni karibu 12. Huo ni wa bafa peke yake, saundi kadi inaongeza wake. Kwa mwendo wa singeli, MC akisikia sauti yake imechelewa anapotea kabisa.

Kuhusu kraki nakuambia kama mdogo wangu wa damu. Mimi nilikuwa nayo. Siku moja kabla ya kukabidhi kazi mashine ilifunga mafaili yote ikanidai hela kwa lugha ya kigeni. Projekti za miaka miwili zilikwenda, zikiwemo za watu ambao hawatarudi kurekodi tena kwa sababu mmoja wao amefariki. Sikupata hata vokali yake. Tangu hapo nimelipia kila kitu, kidogo kidogo.

#6 Mzee wa Nuendo

Fundi umesema vizuri ila nipingane nawe kidogo. Mimi niko kwenye kazi hii tangu enzi za kurekodi kwenye ADAT, zile mashine za mkanda. Ushauri wangu ni kununua kubwa mara moja. Kupanda ngazi moja moja kunakula hela kuliko kununua ya juu siku ya kwanza, na mteja mkubwa akija hukimbii.

#7 FundiSauti wa Tabata

Mzee wangu shikamoo, heshima yako iko pale pale. Kwa FL Studio hoja hiyo inapungua nguvu, maana ukipanda unalipa tofauti. Kwa Cubase unaweza kuwa na haki, kwa sababu bei za kupanda hubadilika, na ukiwa na uhakika utafika Pro ni bora ukaisubiri mwishoni mwa Novemba, kampuni nyingi hushusha bei wakati ule. Ila mzee, kijana wa Manzese akiweka akiba yote kwenye programu atabaki na maiki ya karaoke na chumba chenye mwangwi. Mimi ningemwambia anunue toleo dogo, na hela iliyobaki anunue maiki, stendi na mablanketi mazito ya kutundika ukutani.

#8 Mzee wa Nuendo

Marahaba. Kwa hilo la maiki nakubaliana nawe. Nilikuwa nafikiria studio ya watu wazima wenye wateja tayari. Nami niongeze moja: mkishirikiana na studio nyingine msitumiane projekti. Huyu ana Artist, yule ana Elements, plagini hazifanani, mtapoteza siku. Tumeni WAV za kila treki, zote zianze sekunde ya sifuri, ubora wa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha sauti, si mdundo), na muandike tempo, yaani mwendo wa wimbo, kwenye jina la folda. Nimepokea kazi kutoka Nairobi na Mwanza kwa njia hiyo, na hakuna aliyeniuliza natumia nini.

#9 Mwalimu wa Kwaya, Mbagala

Bwana asifiwe wapendwa. Sisi ni kwaya ya watu 40. Tumechangishana tukanunua saundi kadi ya maiki 8. Ndani yake ilikuja programu ya bure. Jumapili tulirekodi ibada, ikakubali maiki zote 8, lakini tulipotaka kuongeza kinanda nyumbani ikasema treki zimeisha. Kamati inataka tununue toleo kubwa kabisa la programu hiyo hiyo na mimi ndiye natakiwa kupeleka bei kesho jioni. Naomba msaada kabla sijapeleka.

#10 FundiSauti wa Tabata

Amina mwalimu. Usipeleke bei hiyo bado. Tatizo lenu ni treki, na toleo la juu kabisa linawauzia vitu vingi visivyowahusu, kama vile kufanyia sauti za filamu. Angalia toleo la katikati la programu hiyo hiyo, soma mistari miwili tu kwenye jedwali lao: idadi ya treki za sauti, na idadi ya maiki zinazorekodiwa kwa wakati mmoja. Ya kwanza iwe angalau 24, ya pili isipungue 8.

Peleka na bei ya Reaper pembeni. Ninyi si biashara, leseni ya dola 60 inawahusu, na haina kikomo cha treki.

Halafu waambie kamati kuhusu diski, hilo halijatajwa na litawakuta. Maiki 8 kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na ubora wa biti 24 zinakula karibu MB 69 kila dakika. Ibada ya saa mbili ni zaidi ya GB 8. Kwa mwezi wa Jumapili nne ni GB 33 hivi, na bado mazoezi ya Jumatano na Ijumaa.

#11 Sauti ya Sinza

Mwalimu, nami niliweka Reaper jana usiku baada ya jibu la kaka. Leo nimesoma sura mbili nzima. Funguo za mkato zinachosha mwanzoni, tengeneza karatasi uibandike mezani.

#12 Kijana wa Manzese

Kaka nimefuta ile kraki. Nimeweka ile ya majaribio ya FL, nimefanya biti moja leo kutoka mwanzo mpaka mwisho nikatoa WAV zote kama ulivyosema kabla ya kufunga. Bafa 1024, haijakatika hata mara moja. Nimeanza kutunza ya Producer kwa sababu MC wangu anarekodia kwangu. Jumamosi nakuja Tabata na laptopu, naomba unionyeshe mambo ya mablanketi.

#13 Mwalimu wa Kwaya, Mbagala

Nimetoka kikaoni sasa hivi. Kamati imepitisha Reaper na diski ya TB 1. Hela iliyobaki tunanunua stendi mbili za maiki, maana sauti ya nne wamekuwa wakiimba huku wameshikilia maiki kwa mkono. Jumapili tunarekodi tena, nitaleta sampuli hapa hapa.